Namna ya kumtambua mwenzako anayejituma kazini, awe saiti au nyuma ya pazia

Maswali ni yale yale kila mara. Nimpongeze vipi bila kuonekana najikomba? Nimwambie ana kwa ana au niandike? Bosi anamjua aliyesimama mbele tu, huyu wa stoo nitamsemeaje? Na lipo lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: mimi si msimamizi wa mtu, nina haki gani ya kumpongeza mwenzangu?

Haki unayo. Tena wewe uliye pembeni yake unaona mambo ambayo msimamizi hayaoni, kwa sababu msimamizi akifika watu hubadilika. Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa kawaida na wa kiongozi wa timu ndogo. Sera za tuzo, bajeti za zawadi na sherehe za mfanyakazi bora waachie wenye ofisi hizo.

Kabla hatujaingia kwenye hatua, elewa hili moja. "Hongera kwa kazi nzuri" haina kosa, ila haina kitu. Anayeambiwa hajui umeona nini, na akiifikiria vizuri atahisi hukuona chochote. Sifa ya namna hiyo ni kilemba cha ukoka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuona. Kusema kunakuja baadaye na hakuchukui muda.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo, au mahali pa kuandikia kwenye simu. Usitegemee kichwa, mwisho wa mwezi utakumbuka ya wiki hii tu.
- Jina kamili la mwenzako kama lilivyo kwenye nyaraka za kazini, na cheo chake sahihi. Barua ya pongezi yenye jina lililokosewa inauma kuliko kutoandikiwa kabisa.
- Matukio mawili au matatu yenye tarehe. Kwa pongezi ya mdomo moja linatosha. Kwa barua halitoshi.
- Kujua kazi yake inamtaka afanye nini. Usipojua mpaka wa wajibu wake, hutajua ni wapi amevuka.
- Mtu mmoja anayepokea kazi hiyo ikishatoka mikononi mwake. Huyu ndiye shahidi wako bora.
- Jina la msimamizi wake wa karibu, si la mkurugenzi.

Hatua ya 1: Tenganisha kujituma na kuonekana

Mtu anayechelewa kutoka kila siku huenda anajituma. Huenda pia amepewa kazi za watu watatu, au hajui kupanga siku yake, au anasubiri foleni ipungue. Saa peke yake hazikuambii kitu. Vivyo hivyo anayejibu kila ujumbe kwenye kundi la simu ndani ya dakika moja: labda yuko makini, labda hana kazi.

Jiulize maswali mawili kuhusu jambo unalotaka kumpongezea. Asingelifanya, nani angejua siku hiyo? Na asingelifanya, nani angeumia baadaye? Jibu la kwanza likiwa "hakuna" na la pili likiwa na jina la mtu, umeshika jambo lenyewe.

Angalizo: usisubiri mashujaa. Anayefufua mashine iliyokufa usiku wa manane hupigiwa makofi, na anastahili. Lakini yupo anayeipaka grisi kila Jumatatu ili isife, na huyo hana siku ya makofi kwa sababu hakuna siku iliyoharibika. Ukiwasifia waokoaji peke yao, watu watajifunza kwamba ni bora kuacha mambo yaharibike kwanza.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi wa saiti

Nasema saiti nikimaanisha popote kazi inapoonekana kwa macho: jengo linalopanda, wodi, kaunta, jukwaa, barabara, shamba. Huko ungedhani kujituma kunajionyesha kwenyewe. Hakujionyeshi.

Chukua zege. Siku ya kumwaga kila mtu yupo: mhandisi, foromeni, mafundi, hata wa ofisini wamekuja kupiga picha. Zege likishasawazishwa wanatawanyika. Lakini zege halipati nguvu kwa kukauka. Linaipata saruji inapoendelea kushikana na maji, ndiyo maana hutakiwa kukaa na unyevu kwa takriban siku 7 za mwanzo, na uimara wake kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Kwa hiyo kuna mtu anafika Jumapili asubuhi, saiti tupu. Anavuta mpira wa maji, analowesha magunia yaliyotandazwa juu ya slabu, anarudia kwenye pembe na kingo kwa sababu huko ndiko hukauka upesi, anafunga koki, anaondoka. Asingekuja, Jumatatu wala usingegundua. Nyufa ndogo na uso unaomeng'enyeka kuwa vumbi vingekuja baadaye, na lawama angebebeshwa mwingine kabisa.

Huyo ndiye unayemtafuta. Na ukimpata, usiandike kwenye daftari "ana bidii sana". Andika: Jumapili, tarehe fulani, hakuwa zamu, alimwagilia slabu ya ghorofa ya pili asubuhi na jioni, mlinzi alimwona. Mistari miwili tu. Tofauti yake na "ana bidii sana" utaiona ukifika hatua ya sita.

Dalili nyingine za saiti ambazo watu huzipita: anayekagua ngazi kabla hajaipanda hata kama jana ilikuwa nzima. Anayesema "nimekosea kipimo" kabla plasta haijafunika. Anayemwonyesha kibarua mgeni namna ya kufunga mkanda wa usalama bila kumfanya kichekesho cha saiti nzima. Anayerudisha vifaa vikiwa safi. Hili la mwisho linaonekana dogo mpaka siku uchukue koleo lenye saruji iliyogandia.

Angalizo, na hili ni zito: usipongeze hatari. Aliyepanda juu bila mkanda ili kazi iishe kabla ya mvua hakujituma, alibahatika. Ukimsifia mbele ya watu, wiki ijayo watapanda watatu. Msifie yule aliyesimamisha kazi kwa dakika ishirini kwa sababu waya ulikuwa umechubuka, hata kama siku hiyo wote mlimnung'unikia.

Hatua ya 3: Tafuta wa nyuma ya pazia kwa kurudi kinyumenyume

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kazi ya nyuma ya pazia ikifanyika vizuri haiachi alama. Mshahara umeingia kwa wakati, gari limewaka, mafaili yapo, choo ni safi, mgeni amekuta kiti. Hakuna anayeuliza kwa nini. Siku ikikosekana ndipo kila mtu anajua ni kazi ya nani.

Fanya hivi. Chagua kazi moja iliyokamilika hivi karibuni, yoyote ile. Anza na dakika ya mwisho kabisa, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua ukiuliza: kabla ya hapa, nani alikuwa ameshika? Tuseme mmefunga jenereta hospitalini na limewaka mara ya kwanza. Kabla ya fundi kubonyeza swichi, nani alileta kebo ya saizi sahihi? Mtunza stoo. Aliijuaje saizi? Alimpigia mchoraji kuuliza baada ya kuona oda haifanani na mchoro. Oda ililipwaje kabla ya mwezi kuisha? Mhasibu aliona ankara imeingia mara mbili, akairudisha, akasimamia nyingine ipite. Dereva aliyebeba mzigo alijuaje geti la kuingilia? Katibu muhtasi alikuwa ameomba kibali siku mbili kabla. Kwenye picha ya uzinduzi yupo fundi peke yake, na wala si kosa lake.

Ukishafanya zoezi hilo mara moja utashangaa majina yanavyojirudia. Jina linalotokea kwenye kazi tatu tofauti, na halijatajwa kwenye kikao hata kimoja, lizungushie duara.

Njia nyingine ya mkato ni kumfikiria mtu hayupo wiki nzima. Nini kitasimama? Nani atapigiwa simu akiwa likizoni? Kama jibu ni "mambo yatakwama", una mtu wa kutambuliwa, na pia una tatizo la kumwambia bosi, maana kazi isiyo na mbadala wake ni hatari kwa wote.

Soma pia daftari la makabidhiano ya zamu. Wapo wanaoandika "shwari" na kusaini. Wapo wanaoandika "pampu namba 2 inatoa mlio, nimepunguza kasi, msiizime ghafla". Huyu wa pili amekufanyia kazi ukiwa umelala. Kwa watu wa kompyuta, tazama nani anayejaribu kurejesha nakala za akiba badala ya kuzihifadhi tu na kuamini ziko salama.

Kutoonekana huku hakubagui ukubwa wa taasisi. Februari 1962, kabla mwanaanga John Glenn hajarushwa kuizunguka dunia, aliomba Katherine Johnson, mwanahisabati wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, akague kwa mkono hesabu zilizotolewa na kompyuta. Dunia ilimshangilia Glenn. Johnson alipewa Nishani ya Uhuru ya Rais wa Marekani mwaka 2015, akiwa na miaka 97. Wako usimwache mpaka huko.

Hatua ya 4: Hakikisha umempata mwenyewe

Kosa la kawaida kuliko yote ni kumsifia aliyeleta taarifa badala ya aliyefanya kazi. Anayewasilisha ripoti mara nyingi si aliyeiandika, na aliyeiandika mara nyingi si aliyepima. Muulize yule shahidi wako, anayepokea kazi: "Hii huwa inakufikia kutoka kwa nani hasa?" Swali la kawaida, halileti mtafaruku.

Usimuulize mhusika mwenyewe kama kipimo pekee, wala usijitegemee wewe. Watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly walionyesha mwaka 1979 kwamba watu wakifanya kazi pamoja, kila mmoja huelekea kuuona mchango wake kuwa mkubwa kuliko wenzake wanavyouona. Wala si lazima iwe majivuno. Unayakumbuka ya kwako kwa sababu ulikuwepo yalipofanyika yote. Kwa hiyo uliza watu wawili.

Kama kazi ilikuwa ya watu wanne, itabaki ya watu wanne. Utawataja wote, kila mtu na lake.

Hatua ya 5: Jua anapenda kupongezwa vipi

Wapo wanaopenda kuitwa mbele. Wapo ambao ukiwaita mbele watatamani ardhi ipasuke wazame. Muulize mtu anayekaa naye, au mtazame anavyokaa wengine wanapopongezwa. Ukiwa huna uhakika, anza faragha. Kutoka faragha kwenda hadharani unaweza, kurudi huwezi.

Kuna pongezi ambazo hazipaswi kutoka hadharani hata kama mwenyewe hajali. Aliyetoa taarifa ya wizi au ya kifaa kibovu kilichofichwa, ukimtaja kwenye kikao umemweka kwenye midomo ya aliowataja. Aliyemshikia mwenzake zamu kwa sababu mwenzake anaumwa, ukieleza sana umetangaza ugonjwa wa mtu. Sema "alishika zamu mbili za ziada wiki ile" uishie hapo.

Hatua ya 6: Andika kwa mpangilio huu

Tendo, hali ilivyokuwa, matokeo, shukrani. Vinne hivyo, sentensi nne au tano. Huhitaji ufasaha.

Tazama huu ujumbe ambao wengi wangetuma:

"Dada, hongera sana kwa kazi nzuri, wewe ni jembe, bila wewe tusingefika popote, Mungu akubariki."

Hauna ubaya, na atajibu "amina". Sasa tazama huu:

"Dada, Alhamisi tulipofika saiti saa moja asubuhi tulikuta boliti zote zimepangwa kwa saizi na kila boksi limeandikwa. Najua mzigo uliingia Jumatano jioni, kwa hiyo ulizipanga baada ya muda wa kazi. Mafundi wangu hawakupanda na kushuka ngazi kutafuta saizi hata mara moja, na fremu ilifungwa kabla mvua haijaanza. Nimeona, na nakushukuru."

Huu wa pili hauna sifa hata moja. Hakuna "jembe", hakuna "bora". Una boliti, boksi, ngazi na mvua. Mwenyewe ataurudia kuusoma, na akiuonyesha kwa mtu, huyo mtu ataelewa bila maelezo.

Kama unasema kwa mdomo, mpangilio ni ule ule, ila punguza. Mtazame yeye unapoongea, usiwatazame wasikilizaji.

Maneno ya kuepuka, na kwa nini:

"Hajawahi kulalamika." Hapo umewaambia wengine wote kwamba kulalamika ni kosa. Kesho mtu ataona nyaya zimechubuka anyamaze.

"Hata likizo hachukui." Huo ni mzigo, na pengine ni uvunjaji wa taratibu. Usiugeuze sifa.

"Ingawa ni kijana tu", "ingawa ni mwanamke", "ingawa hakusoma sana". Kila "ingawa" ya namna hiyo ni tusi lililovaa suti.

"Ila tu ajitahidi kuwahi." Kasoro ina siku yake. Ukiichomeka mwishoni, hiyo ndiyo itakayokumbukwa.

"Sisi ni familia." Liache tu.

Hatua ya 7: Chagua wakati

Ndani ya wiki moja, ikiwezekana siku ile ile. Kikao kifupi cha asubuhi kabla ya kazi kinafaa kuliko sherehe ya mwisho wa mwaka, kwa sababu wanaosikiliza bado wanaikumbuka kazi yenyewe. Usipongeze siku ambayo watu wamepunguzwa kazi au mishahara imechelewa. Watasikia kejeli.

Hatua ya 8: Peleka juu kwa maandishi

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye faida ya kudumu. Neno zuri la kwenye kikao huisha na kikao. Tathmini ya mwaka hufanywa na mtu mwenye fomu mbele yake na kumbukumbu ya miezi miwili ya mwisho. Barua fupi yenye tarehe ndiyo inayobaki.

Mwandikie msimamizi wake wa karibu, nakala kwa mhusika. Mfano:

"YAH: MCHANGO WA (JINA KAMILI), MTUNZA STOO

Naandika kukujulisha mambo mawili niliyoyashuhudia. Tarehe (…) aligundua kuwa kebo iliyoagizwa haikulingana na mchoro, akawasiliana na mchoraji kabla mzigo haujatoka kwa msambazaji. Tungeipokea ile ya kwanza, tungeirudisha na kusubiri nyingine. Tarehe (…) alipanga vifaa vya fremu baada ya saa za kazi ili mafundi waanze mapema. Kazi ilikamilika siku hiyo hiyo.

Naomba barua hii iwekwe kwenye jalada lake. Napendekeza pia afikiriwe kwenye mafunzo ya usimamizi wa stoo yatakapotokea."

Basi. Angalia kwamba pendekezo ni moja na linatekelezeka. Usiandike "aongezwe mshahara" kama huo si uamuzi wa unayemwandikia. Atakwama hapo na barua yote italala. Mafunzo, vifaa bora, msaidizi, jina lake kuwekwa kwenye ripoti ya mradi: haya msimamizi anaweza kuyasukuma.

Usizidishe mambo. Ukitia chumvi sehemu moja na msimamizi akaigundua, sehemu nyingine za kweli nazo zinakufa, na aliyeumia ni yule uliyekuwa unamsaidia.

Hatua ya 9: Zawadi, kama ipo

Iwe ndogo, iwe ya wazi, na isivunje taratibu za mahali penu. Soma kwanza, hasa kama mnahusika na manunuzi au ukaguzi. Kinachothaminiwa zaidi mara nyingi hakinunuliwi: kumshikia zamu moja apumzike, au kumpa nafasi aeleze mwenyewe kazi yake mbele ya wakubwa badala ya wewe kuieleza kwa niaba yake.

Hatua ya 10: Kagua orodha yako

Kila baada ya miezi mitatu fungua daftari, hesabu majina. Kama wote ni wa zamu ya mchana, wote ni wa idara moja, au wote ni marafiki zako wa chai, rudi hatua ya tatu. Usafi, ulinzi, masjala na zamu ya usiku ndiko majina hupungua.

Mambo yakienda kombo

*Amekataa pongezi, amesema "ni kazi yangu tu".* Usibishane naye na usirudie kwa sauti kubwa zaidi. Sema "sawa, lakini nimeona", mwendelee na mengine. Barua ya hatua ya nane ipeleke kama kawaida.

*Wenzake wamenuna.* Chunguza kwanza kama wana hoja. Huenda kweli kazi ilikuwa ya wengi ukamtaja mmoja. Kama ndivyo, sahihisha mahali pale pale ulipokosea. Kama ulikosea kwenye kikao, usisahihishe kwa kunong'ona kwenye korido. Kama hawana hoja, dawa ni kuendelea: wakiona pongezi zinafuata matendo na si sura, kinyongo kinapungua.

*Wakubwa wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.* Wanaoisema wana uzoefu wa sifa za jumla, na hapo wako sahihi: ukimwambia mtu "wewe ni bora", hana la kufanya zaidi ya kujiona bora. Ukimwambia "ulipanga boliti kwa saizi na ilitusaidia", amejua cha kurudia. Waonyeshe ujumbe wa namna hiyo, usiwaandalie mjadala.

*Bosi amejichukulia sifa.* Hutashinda kwa kumuumbua. Kabla ya kazi inayofuata, pendekeza ripoti iwe na ukurasa wa majina na alichofanya kila mmoja, kama filamu zinavyoweka majina mwishoni, hadi la dereva. Ukurasa ukishakuwa sehemu ya muundo wa ripoti, ni vigumu kuufuta.

*Unayetaka kumpongeza ni bosi wako.* Inawezekana, ila iwe faragha, iwe kuhusu tendo moja, na isiwe wiki ya tathmini yako.

*Si mwajiriwa wenu, ni wa mkandarasi mdogo au kibarua wa siku.* Mwandikie aliyemleta, na mpe mhusika nakala yenye jina lako na sahihi. Kwa kibarua, karatasi hiyo ni kitu cha kuonyesha anapotafuta kazi kwingine. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya mtu wa siku moja ni karatasi.

*Yuko mbali au zamu yenu haikutani.* Acha ujumbe kwenye daftari la makabidhiano, chini ya alichoandika yeye. Wanaokuja baada yenu nao watasoma.

*Umechelewa, imepita miezi sita.* Sema hivyo hivyo. "Nilipaswa kukuambia tangu mwezi wa tatu" kisha tendo, hali, matokeo. Usitunge sababu ya kuchelewa.

*Baada ya kusifiwa ameongezewa kazi.* Hili hutokea sana kwa watu wa nyuma ya pazia: wakubwa wakishajua nani anaweza, kila kitu kinaelekezwa kwake, na mwaka haujaisha anaomba uhamisho. Rudi kwa msimamizi na orodha mbili, kazi alizokuwa nazo kabla ya barua yako na alizonazo sasa, uulize ni ipi kati ya zile za zamani itashikwa na mtu mwingine, na kuanzia tarehe gani.